Malkia wa Bure

Jamani, aibu niliyoipata Butimba sijaimaliza, na wenzangu wa Kiseke mpaka leo wakiniona wananiuliza kama dagaa wameisha.

Ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano ya chesi, nikishinda tu naingia timu ya mkoa kwenda Dodoma, na nimepangiwa Mama Neema, mwalimu mstaafu aliyefundishwa mchezo na wajukuu zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, tukaanza. Nikasukuma askari wa mbele ya mfalme, naye akasukuma wake, nikatoa farasi, na yeye (sikudanganyi) akamtoa malkia akamweka palepale farasi wangu anapomla bure.

Sasa mimi nimekulia kijiweni Nyakato kwenye drafti, na kule mtu akikupa kete ya bure ujue anakwenda kukula tatu. Nikajiambia, huyu mama ananitega. Nikamwacha malkia, nikasogeza askari wa pembeni, yeye akashusha pumzi akamrudisha nyumbani. Kwa nini ashushe pumzi? Halafu kila mara anainama kuchungulia mkoba chini ya meza, anauvuta karibu na miguu (mtu mzima, mkoba wa nini kwenye chesi?), nikaona basi, simu imo humo na ndiyo inayomchezea.

Nikamwita mwamuzi, ukumbi mzima unasikia. "Naomba mkoba wa mama ukaguliwe."

Mama Neema hakubisha, akaufungua mwenyewe. Dagaa wakavu. Mfuko umepasuka, wamemwagikia kitambaa chake cha kanisani, na harufu ikatufikia wote. Watu walicheka mpaka mwamuzi akageukia ukutani.

Nilitamani kupotea. Hata ubao sikuuona tena, nikanyoosha mkono nikasema, "Mama, tufanye sare." Akaudaka kabla sijamaliza.

"Ahsante, mwanangu. Yule malkia nilikosea kumweka, nikaona aibu kusema. Nikadhani umeniachia kwa heshima, mpaka ulipotaka mkoba."

Sare ni nusu pointi, mimi nilihitaji nzima. Wenzangu wakaenda Dodoma, mimi nikarudi nyumbani na dagaa, maana Mama Neema alinifungia kidogo kwenye gazeti na kunilazimisha nichukue.

Nimeapa, tangu siku ile nikipewa cha bure nakula bila kuuliza. Ila wale dagaa niliwanusa kwanza.