Jogoo Aliyebaki Hai

Nilipokuwa naimba hip-hop, mama yangu alinipikia kuku kila niliporudi nyumbani Kathiani. Nitoke Mombasa, nitoke Eldoret, nitoke jukwaa la baa fulani ambayo siikumbuki tena, nilikuta sufuria iko motoni.

Nilisilimu nikiwa na miaka thelathini na saba. Wiki mbili baadaye nilikuja nyumbani na kanzu mpya, nikajiona najua dini yote.

"Mwaitu," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "hii nyama siwezi kula. Haikuchinjwa na Mwislamu."

Aliiondoa sahani, akampelekea jirani. Tangu siku hiyo alinipa chai tu, na mara nyingi nilirudi barabarani kabla sijaimaliza. Miguu yangu imezoea kuondoka.

Siku hizi nakaa Mumbuni. Vijana waliozoea kuja kunisikiliza nikiimba ndio ninaowatafuta sasa, wale walioshikwa na pombe na majani ya kutafuna ya muguka. Asubuhi ya Jumamosi tunaandika mistari kando ya msikiti, Wakristo na Waislamu pamoja, kisha tunakwenda kuwasaidia wazee. Mwaka huu, kabla ya mvua, tulikwenda Kathiani kufukua mitaro ya matuta kwa akina mama wajane. Shamba la mwisho lilikuwa la mama.

Kwetu anayekuja kukulimia ni lazima umlishe. Mama asingeacha vijana watano waondoke na njaa. Nilichimba huku nikitazama moshi wa jikoni kwake. Nikila, nitakuwa nimekula nisichoruhusiwa. Nikikataa, nitamwaibisha mara ya pili, tena mbele ya watu.

Saa sita alitoka na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaitua. Akarudi ndani. Alipotokea tena alikuwa ameshika jogoo mzima, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Mkono wa pili ulikuwa na kisu.

"Chinja mwenyewe," akasema. "Nimechoka kupikia majirani."

Maskini, sikuwahi kuchinja hata kifaranga. Nilimshika jogoo shingoni, akanipiga mabawa usoni.

"Msanii, hiyo si maikrofoni!" kijana mmoja akapiga kelele, wote wakaangua kicheko.

"Wewe ulikuwa unakula tu," mama akasema. "Kanyaga mabawa. Si hivyo. Polepole."

Akainama akanionyesha. Nikamgeuza jogoo kuelekea kaskazini, upande wa Makka, nikataja jina la Mungu. Mama, aliyevaa rozari yake, alisubiri mpaka nikamaliza.

"Umeshasema maneno yako yote?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Lete basi, maji yamechemka."

Kuku alipoiva, mama alipakua yeye mwenyewe. Akafanya ishara ya msalaba, akanitazama mpaka nikameza.

"Krismasi usichelewe," akasema. "Kuna mbuzi, na hapa hakuna mtu atamgusa kabla hujafika."