Niliutaka Ukuu wa Shule ili Nimkomeshe Mume Wangu

Kwenye usaili wa ukuu wa shule niliwaambia wakubwa kwamba nautaka ili nimwamrishe mume wangu. Wakanipa.

Msicheke, nisikilizeni kwanza.

Mimi na mume wangu tunafundisha shule moja. Yeye ni makamu mkuu, ndiye anayepanga ratiba. Wanafunzi wanamwita Kengele.

Kila muhula ananipa hisabati, kidato cha pili, Ijumaa kipindi cha mwisho. Nusu ya darasa imelala, nusu nyingine inatazama geti.

Nikilalamika nyumbani, anajibu taratibu, "Mama watoto, ya kazini tuyaache kazini."

Nikienda ofisini kwake, anakunja uso. "Mwalimu, nikikuhamisha watasema nambeba mke wangu."

Sasa nikaseme wapi, sokoni?

Mkuu wetu akakaribia kustaafu, nafasi ikatangazwa. Usiku huo Kengele akanawa mikono, akasema kama anajisemea, "Ukuu wa shule unataka mtu mwenye kifua. Wewe hutauweza."

Damu ikanichemka. Kesho yake asubuhi nikaomba.

Kwenye usaili wenzangu waliongea mambo mazito, maono, ufaulu, nidhamu. Na mimi nilikuwa nimekariri ya kwangu vizuri kabisa.

Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, akashusha miwani. "Mwalimu, kwa nini unataka kuwa mkuu wa shule?"

Maono yote yakayeyuka. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nataka mume wangu abishe hodi mlangoni kwangu."

Mzee wa pembeni akapaliwa na maji.

Mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko. "Tangu asubuhi wewe ndiye wa kwanza kusema ukweli."

Nikapata. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Siku ya kwanza ofisini sikupata hata muda wa kukalia kiti cha mkuu. Vyoo vya wavulana vimeziba. Mpishi hana kuni. Mzazi mmoja anataka mwanawe arushwe darasa kwa sababu ana akili za kurithi.

Saa tisa, hodi mlangoni. Kengele huyo.

Nikamwacha abishe mara ya pili. Raha yake siwezi kuwaelezea.

Akaingia na mkoba begani, uso umetakata kama ametoka kuoga. "Mkuu, vipindi vyangu vimeisha. Naomba ruhusa niende nyumbani."

"Mbona una furaha hivyo?"

Akafunga mlango, akashusha sauti. "Wakubwa walitaka mkuu mpya atoke hapa hapa. Walikuwa wananinyemelea mimi, na mimi mambo ya vyoo na kuni siyataki. Nikawatazama walimu wote, nikaona mwenye uwezo ni wewe. Lakini wewe bila kuchokozwa hutoki kwenye kiti."

"Kwa hiyo zile Ijumaa zote?"

"Nilikuwa nakuandaa, mkuu."

"Na ile ya kifua?"

"Hiyo ilikuwa ya kumalizia." Akatabasamu. "Usijali, leo nitapika mimi."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanishinda. Nje ya dirisha mpishi alikuwa anakuja tena, na nyuma yake mzazi wa akili za kurithi.

Ruhusa nikamnyima. Nikamkabidhi vyoo.

Ndugu zangu, mtu akikuchokoza muhula baada ya muhula bila sababu, usikimbilie cheo ili umkomeshe. Muulize kwanza kwa nini yeye mwenyewe anakikimbia hicho cheo.