Kizibao Nambari Kumi na Saba

Msiseme ni bangi. Sivuti. Pombe nayo naijua kwa harufu tu, mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, na mama yangu alinilea karibu na msikiti. Haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwa bado linawaka, hapa hapa Durban. Na walioniponza nitawataja. Ni Bosco na Silvesta. Vita vya kwetu nilipona. Siku duka la shemeji yangu lilipochomwa moto hapa, nilipona pia, nilitokea dirishani. Hili la Bosco na Silvesta sijapona mpaka leo.

Kazi yangu ni kulinda magari. Unavaa kizibao cha njano chenye nambari mgongoni, unasimama barabarani, mtu akiegesha unamwambia, "Sharp anko, nitakuangalizia." Akirudi anakupa chochote. Miaka mingi nilisimama kule ufukweni, kwenye hoteli na watalii. Halafu vijana wakanisukuma. Mzee umechoka, wakasema, tupishe. Nikakaa chumbani natazama ukuta.

Ndipo akaja Bosco. Tumetoka mtaa mmoja kule kwetu, tumekula sahani moja. "Kaka, iko mtaa watalii hawaujui," akaniambia. Uko nyuma ya reli, chini ya mlima wa Morningside. Zamani palikuwa viwanda na maghala, sasa pamejaa wachoraji, wafinyanzi, washona viatu vya ngozi, wakaanga kahawa, na Jumapili kuna soko, watu wanafurika. Yeye alikuwa amepata kazi ya ghala Mobeni, kwa hiyo sehemu yake ananiachia bure. Bure! Bosco, ambaye hajawahi kumpa mtu hata njiti ya kiberiti. Kwa nini sikujiuliza? Watoto walikuwa wanakula ugali na chumvi, ndiyo maana.

Silvesta ndiye mkubwa wetu, anayegawa vizibao. Akaniletea kile kile cha Bosco, nambari kumi na saba, hata hakijafuliwa. Nikaomba kipya. Akasema vipya vimekwisha, vaa. Akasimama pale mpaka nikafunga zipu hadi juu, ndipo akaondoka.

Sitaongopa, ule mtaa niliupenda. Asubuhi kabla magari hayajaja nilizunguka peke yangu. Kuta zimechorwa zote. Ukuta mmoja samaki wa bluu watupu, ukuta mwingine bibi wa Kizulu anacheka, jino lake moja kubwa kama mlango. Kona hii unasikia mtu anagonga chuma, kona ile mtu anajifunza tarumbeta na anakosea pale pale kila siku. Kuna mama mfinyanzi, Nomusa, udongo haumtoki kwenye kucha. Siku ya kwanza alinipa chai bila kuniuliza karatasi zangu. Nani mwingine katika mji huu amewahi kunifanyia hivyo?

Kitu kimoja kilinikera. Chini ya ukuta wa samaki kulikuwa na nafasi ya gari ambayo mtu haegeshi. Madereva wanatafuta nafasi wanatoka jasho, wanaiona, wanapita. Na chini yake vipande vidogo vya kioo cha gari. Nafagia. Jumapili nyingine vipo.

Basi Jumapili moja alasiri, soko limefungwa, wengi wameshaondoka, akanijia mzee wa Kihindi. Suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi, mkononi mfuko wa karatasi wenye bakuli la udongo. Mtu mpole. Akasimama kwenye ile nafasi, akatazama vile vioo, akanitazama mimi.

"Rafiki, gari langu liko wapi?"

Nikamwambia anko, labda umesahau ulipoliacha. Inatokea kila Jumapili, watu wanashiba kahawa wanasahau magari yao. Akatoa ufunguo, huu wa kubonyeza. Akabonyeza. Na kweli, nyuma ya ghala likaitika: tiu tiu. Nikacheka. Nikasema twende anko, si hilo pale.

Tukazunguka ghala. Hakuna gari. Akabonyeza tena. Tiu tiu, sasa ndani ya ua wa wachomea vyuma. Tukaingia. Pale kuna mbwa anayebwekea hata mfuko wa plastiki ukipeperuka. Siku ile alijikunja chini ya meza akafunika pua kwa mguu. Tukapanda ngazi kwa wachoraji, tukapita katikati ya picha zinazokauka, tukashuka upande wa pili. Tiu tiu mbele. Tiu tiu nyuma. Mimi shati limelowa, yeye hata kola haina unyevu. Tukampita Nomusa anafunga meza yake.

"Bhuti," akaniita, yaani kaka, "unaongea na nani?"

Nikageuka kumwonyesha. Anko alikuwa kando yangu, bega kwa bega. Nomusa alitazama pale pale, na macho yake yakapita katikati ya yule mzee kama mtu anayetazama dirishani.

Sasa wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Nilijaribu. Niamini, miguu ilikwenda alikokwenda yeye.

Mwisho tukafika ukuta wa reli, mtaa unapoishia. Akabonyeza. Safari hii tiu tiu ikatoka mgongoni mwangu. Sisemi nyuma yangu, nasema mgongoni, ndani ya kizibao, mpaka mbavu zikatetemeka. Akanizunguka taratibu, akasoma nambari.

"Kumi na saba," akasema. "Uliniambia utaliangalia. Nikarudi nikakuta umelala."

"Si mimi, anko. Huyo ni Bosco."

"Uliniambia utaliangalia." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Basi liangalie."

Akaniwekea ufunguo kiganjani, baridi kama kitu kilichotoka frijini. Nikafumba mkono. Nilipofumbua mkono vilikuwa vipande vya kioo, na mzee hayupo.

Nomusa ndiye aliyeniokota pale chini. Nikamweleza suti, viatu, mfuko. Akakaa chini palepale kwenye vumbi. Akaniambia mzee huyo alinunua bakuli kwake, akatoka, akakuta gari limeibwa, vioo vimebaki chini, na mlinzi amelala juu ya kreti za soda, chini ya wale samaki. Akadhani ameliona gari lake linakata kona. Akakimbia mpaka kwenye roboti, taa za barabara kubwa, na lori halikumwona. Vipande vya bakuli aliviokota Nomusa mwenyewe. Mlinzi alikuwa Bosco.

Nilikwenda Mobeni. Nikamkuta nje ya ghala anakula, mashavu yamejaa kama ya mtoto.

"Ulijua," nikamwambia.

"Kaka, ningekuambia, ungevaa?" Akameza kwanza. "Mimi kwa kukosa usingizi nilikuwa naongea na ukuta. Silvesta ndiye aliyesema, tafuta mwingine avae, itamfuata yeye. Siku ulipofunga zipu nililala mpaka adhuhuri ya kesho yake. Mke wangu alidhani nimekufa." Akacheka. "Na wewe tafuta wako. Wapya wanaingia kila wiki."

Akaendelea kula.

Tangu siku ile, kope zikikutana tu, tiu tiu, chini barabarani. Nashuka. Nazunguka jengo. Hakuna kitu. Napanda, nalala, tiu tiu. Mke wangu hasikii, siku hizi analala kwa dada yake. Shehe amenisomea. Wauza mizizi wa soko la Warwick wamenipa mizizi, ila mmoja alipokiona kizibao alinirudishia pesa, akaniomba nisisimame mbele ya meza yake. Nilikitupa pipani, asubuhi nikajikuta nimekivaa. Zipu hadi juu.

Juzi Silvesta alikuja na mtu, Idi, wa Buyenzi pia, ameshuka basi ana begi moja, mke na watoto kawaacha njiani. "Mpe hicho, mzee, ukapumzike," akasema Silvesta. Kupumzika! Nilikaribia kulia. Nilishateremsha zipu nusu. Halafu yule Idi akapiga mwayo, mwayo mkubwa wa msafiri, mpaka machozi yakamtoka, akafuta macho akatabasamu kwa aibu. Mtu ambaye usiku ule angelala. Nikapandisha zipu. Silvesta alinitukana, akamchukua akaondoka naye.

Lakini mimi si malaika, na nimechoka jamani. Sijui kesho nitakuwa mtu gani. Kwa hiyo sikia wewe unayekuja Durban kutafuta riziki. Ukikutana na mtu mwenye macho mekundu, akakusifia mtaa wenye samaki wa bluu ukutani, akakwambia sehemu ipo, bure, kaka, muulize kwanza analalaje. Na usikivae. Akikulilia, usikivae. Hata kama anayekulilia ni mimi.