Nilimwaibisha Kaka Siku ya Kufungua Boma Lake

Nilikosa, na sitafuti mtu wa kumsukumia lawama. Kaka yangu mkubwa yuko wodini kwa sababu ya mdomo wangu.

Kwetu huku karibu na Awendo, mdogo hafungui boma, yaani hahamii kwenye mji wake mwenyewe, kabla ya mkubwa. Mabati nilikuwa nayo, na mke wangu alishachoka kukaa kwa mama mkwe. Lakini kaka aliugua akili miaka mingi, akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Tukangoja weee! Ningengoja mpaka lini jamani?

Dawa zikamtuliza. Akawa analala, analima miwa, anacheka na mkewe. Nikasema huyu amepona, afungue boma lake nami nipate njia.

Ila alikuwa anasahau! Ukimtuma vitu vitatu analeta kimoja. Ukimweleza jambo refu anapotelea katikati. Mimi nikaona ni ujanja.

Siku moja kabla ya shughuli nilimpa maagizo yote kwa pumzi moja. Beba shoka, beba jogoo, mkeo abebe moto, mpitie baba mdogo kabla jua halijatoka, msisalimie mtu njiani. Akaitikia, "Sawa, sawa."

Kesho yake akafika kiwanjani mikono mitupu, ukoo mzima umesimama. Mkewe peke yake ndiye aliyebeba moto.

"Shoka iko wapi?" baba mdogo akauliza.

Kaka akajikuna kichwa. "Kwani mlisema shoka?"

Nikalipuka! "Wacha kujifanya! Wazimu iliisha, hii ni uvivu tu! Hizo dawa ndio zimekufanya bwege!"

Watu wakacheka. Mkewe akauweka moto chini, akatazama pembeni. Kaka akageuka, akaondoka.

Alirudi nyumbani akazitupa dawa zote chooni. Mkewe alikuja kutueleza tukiwa tumeshachelewa. Sauti zilirudi, tukamtoa ndani ya miwa akiwa uchi, analia kwamba anaitwa. Ole wangu!

Hospitalini nesi alinikalisha chini. "Hakuwa anajifanya. Dawa inanyamazisha sauti, lakini hiyo kusahau inaweza kubaki. Ni ugonjwa. Hata ndugu wa damu, wengine wako nayo kidogo."

Akanitajia mambo manne ya kufanya nyumbani. "Haya, niambie nimesema nini."

Nikakumbuka mawili! Mimi! Mimi ninayeandika kila kitu kwenye kiganja kwa kalamu, nikisingizia kazi nyingi. Niliyewahi kwenda mnada wa Ogwedhi kuuza ndama nikamsahau huko, kamba yake mkononi mwa mtu nisiyemjua. Nilimtukana kaka kwa kitu ninachokificha mwenyewe, na aibu hiyo inanila mpaka leo.

Boma lake halijafunguliwa, langu vilevile. Mke wangu amerudi kwao Uriri, na simlaumu.

Jumapili nilimpelekea kaka samaki. Aliponiona tu akasimama wima kando ya kitanda.

"Omera," akaniambia, "ndugu yangu, leo nimesahau nini?"

Nyinyi mlio na mgonjwa kama huyu nyumbani, mpeni neno moja, lifanyike, ndipo mtaje la pili. Akisahau mkumbusheni, hata mara kumi, bila kelele. Na dawa zake msizitukane! Mimi nilizitukana kwa hasira ya dakika moja, na sasa mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto ananiogopa.