Salamu Zilizozamisha Gari

Nakumbuka Jumamosi moja, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nikiwa na nywele nyingi na akili chache. Niliishi huku ughaibuni, Adelphi, kwenye yale maghorofa ya karibu na University Boulevard, na nilikuwa nimempenda Neema, muuguzi kutoka Bukavu aliyekaa Silver Spring na wazazi wake. Nilishatuma wazee kwao. Baba yake, Papa Neema, aliwajibu kwa upole kwamba kabla ya kusema ndiyo au hapana, angependa kuniona safarini.

Safari yenyewe ilikuwa ya kundi letu la maombi. Tulikwenda kupiga kambi milimani Virginia, kwa njia ya msituni ambako simu ya mkononi haina kazi ila kukuonyesha saa. Tulikuwa magari matatu: Papa Neema mbele, Neema na rafiki zake katikati, na mimi mkiani na gari langu kuukuu la kupanda milima. Na ndani ya gari langu, mwanangu, aliketi Mama Neema, kwa sababu eti viti vyangu vilikuwa laini, amepakata sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo ya kwao. Hata ungekuwa wewe ungetokwa jasho.

Mzee alitugawia simu za upepo, kila gari moja. Kule kwao aliwahi kuwa mtu wa redio wa misheni, na mafunzo yake yalikuwa mafupi: "Bonyeza, sema, achia, sikiliza." Akaeleza kwamba kidole kikiwa kwenye kitufe, wewe husikii kitu.

Nilielewa vizuri sana. Lakini mimi ni mtoto wa Kakamega, nimelelewa na nyanya; nitamjibuje baba mkwe kwa neno moja, kama ninayefukuza kuku? Kila alipoita nilianza na shikamoo, nikaulizia usingizi wake wa jana, nikapitia wadogo zake wote waliobaki Bukavu, kidole kimeganda pale pale. Hata marahaba zake sikuzisikia. Mama Neema alikuwa akinitazama kwa huruma, nami nikadhani ananisifu moyoni.

Tukafika kwenye kijito. Magari ya mbele yalishavuka na kupotea kwenye kona. Redio ikaita, "Gari ya nyuma..." nami nikabonyeza upesi nimshukuru kwa kunikumbuka. Nilikuwa nimefikia kumwuliza kama goti lake linalomsumbua limepoa, nilipoingiza gari majini upande wa kushoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila wahenga hawakututahadharisha kwamba anaweza pia kuzama na mama mkwe. Maji yakaingia kwa milango. Mama aliinua miguu juu ya dashibodi na sufuria juu ya kichwa.

Nikabonyeza tena. "Shikamoo Papa, samahani sana kwa usumbufu, natumaini huko mbele mnaendelea..."

"Lete hapa!" Mama akaninyang'anya. "Papa Neema! Maji!" Akaachia.

"Niko nakuya," redio ikajibu papo hapo.

Alikuja na kamba, akatuvuta mpaka magurudumu yakakanyaga nchi kavu, kisha akanigeukia.

"Nilikuita mara tano kusema kushoto iko shimo. Weye uko unanisalimia tu. Mutoto, ni heshima gani hii ya kunifunga mudomo?"

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Salamu zangu zilikuwa zimemfanya mzee bubu, na mke wake nusura achukuliwe na maji. Nilijua Neema nimeshampoteza.

Tukaondoka. Baada ya maili mbili redio ikalia.

"Gari ya nyuma. Kwetu ulituma wazee. Weye mwenyewe unataka nini? Fupi."

Nikabonyeza. "Neema." Nikaachia.

Sijawahi kusikiliza kitu namna ile maishani mwangu. Halafu ikaja sauti, lakini ilitoka gari la katikati.

"Na miye? Hakuna wa kuniuliza?"

Mama Neema alicheka hadi sombe likamwagikia viti vyangu laini. Nikabonyeza tena. "Neema, wewe unasemaje?" Nikaachia, nikangoja.

"Kausha viatu kwanza. Tutaongea kambini."

Kambini aliongea saa nzima, nami nikasikiliza. Mwisho akasema ndiyo, na baba yake akasema amesikia.

Basi, mwanangu, ukienda mahali simu hazishiki, beba redio, na kumbuka kuachia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa vyote viwili. Kumheshimu mtu si kumwagia maneno, ni kumpa nafasi akujibu, na hasa yule unayedhani jibu lake unalijua tayari. Hata Mungu, wako wanaomwomba hadi wakasinzia na kidole kwenye kitufe.

Nenda salama. Mola akujalie njia kavu, wakwe wenye kamba ndefu, na kila utakapoachia kitufe, awepo mtu wa kukujibu.