Khitima Iliyogandishwa na Ruta

Nakiri mapema: nilimfungia mama yangu mzazi nje ya intaneti yake mwenyewe, na mimi nikajifungia nje pamoja naye.

Jumamosi iliyokuwa inakuja nilikuwa na mtihani wa vitendo wa mitandao ya kompyuta: unapewa ruta, waya na muda mfupi, mtahini amekusimamia kama askari wa trafiki. Shuleni ruta moja tunaigombea watu kumi. Ya kwetu, hapa Kyebando, ilikuwa imekaa tu juu ya kabati inapepesa taa. Mimi nikaona inanikonyeza.

Nikaiamuru ikubali waifai ya kifaa kimoja tu, kompyuta yangu. Anwani ya kompyuta ni herufi na tarakimu kumi na mbili. Nikakosea moja, nikabonyeza kuhifadhi. Kwisha.

Sauti ikatoka sebuleni: "Mbona mtoto ameganda?"

Mama hufundisha Kurani kwa simu. Alasiri ile mwanafunzi wake aliyeko Uingereza alikuwa anakhitimu, anamaliza msahafu mzima. Zilibaki sura tatu, ukoo mzima umejipanga mbele ya kamera, na bando la mama lilikuwa limekwisha tangu asubuhi.

"Ni mambo ya satelaiti, mama."

"Satelaiti gani inayolala chumbani kwako?"

Ningeifuta ruta ianze upya, ingesahau na namba za siri za kampuni ya intaneti. Mwalimu alituambia tuziandike kwanza. Mimi wakati huo nilikuwa namchora katuni. Ikabaki kuingia kwa waya, maana katazo langu lilikuwa la waifai tu. Na waya niliokuwa nao ni ule wa mazoezi, niliouunga mwenyewe. Maiti.

Nikakata kichwa chake cha plastiki, nikashika koleo. Nyuzi nane, kila moja na rangi yake, kila moja na mahali pake. Mama kanisimamia na kijiti chake cha kuonyeshea herufi. Nikabana kichwa kipya: kimya. Nikakata, nikabana cha pili: kimya.

"Banange! Mtoto wa watu anangoja na udhu wake!"

Cha tatu, taa ikawaka. Nikaingia, nikaondoa katazo.

Mama akapiga tena, msichana akamalizia sura zake tatu. Vigelegele vikajaa simu hadi spika ikakwaruza. Mama akajifuta macho kwa mtandio, akawaombea dua, akaaga vizuri, akakata simu. Ndipo akanigeukia.

"Hongera, fundi. Sasa ukigusa tena kile kisanduku kabla ya Jumamosi, nitakufungia nje wewe, nione utaingia kwa waya gani."