Muia, Mimi na Kaa wa Chuma

Mume wangu Muia ni fundi wa vitanda, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikimgombania na michezo ya video. Nasema hivyo bila haya. Wenzangu wengine hapa mtaani Soweto West walinyang'anywa waume na pombe; mimi nilinyang'anywa na kijitu cha kwenye skrini kinachokimbia kuelekea kulia.

Alianzia kwa Khamala, mwenye kibanda cha gemu kule Sarang'ombe, siku aliyompelekea mabenchi ya wateja. Vijana wote mle hucheza mpira. Muia hakutaka mpira. Alitaka ile michezo ya zamani ya kuruka na kupiga, ambayo unaenda upande mmoja tu, unaanguka shimoni, unakufa, unaanza upya. Na hata hiyo alikuwa na maringo nayo. Mchezo ukimhifadhia safari kila baada ya hatua mbili, asirudi mwanzo akifa, aliukataa: "Huu unanibembeleza." Wenye maadui wanaotokea nyuma bila ishara aliuita mwizi. Sehemu za kuogelea alizichukia kabisa, kwa kuwa mle mwili unachelewa kumtii. Alichopenda ni mchezo wa kukuua mara hamsini, na mara zote hamsini ukajua kosa ni lako. "Hauna huruma, lakini haudanganyi," alikuwa akiniambia tukila, nami namwuliza kama mchezo huo pia unampikia.

Kuna mmoja alioupenda kuliko yote. Mwanamke mwenye nyundo anapanda mnara, na kule juu anangojewa na kaa mkubwa wa chuma. Adui wa mwisho kama huyo wanamwita bosi. Ndiye bosi pekee ambaye Muia aliwahi kumheshimu, na hakuwahi kumshinda.

Mwezi Mei alishikwa na kiharusi akiwa anapiga randa. Mkono wa kulia ukalala. Hospitalini walitupa mazoezi ya kufinya mpira na kuinua kiwiko. Akayafanya wiki mbili, akaacha. Maneno alikuwa nayo, ila hakuyatumia. Ukimwuliza atakula nini, "Chochote." Ukimwuliza kama tufungue mlango aone watu, "Vile unataka." Mimi niliolewa na mtu mbishi, mtu wa kurudisha chai kwa sababu majani yalichelewa kutiwa. Huyu wa chochote sikumjua. Niliogopa kwamba Muia ameshaondoka, ameniachia mwili niwe nauosha, na usiku wote wa Juni nilikuwa nikiwaza jinsi ya kumrudisha.

Siku moja nikaenda kwa Khamala na hasira zangu, utadhani yeye ndiye aliyemwangusha.

"Nipe ile mashine yake."

"Mama Kimanzi, na mzee atacheza aje na mkono moja?"

"Nimekuuliza hiyo?"

Akakunja nyaya, akaitia mashine kwenye mfuko. Jirani yetu Billy, anayeendesha boda, ndiye aliyeniletea nyumbani na kuiunganisha na TV. Muia aliitazama, kisha akageuza uso ukutani.

"Itoe."

"Sitoi. Shika huku kushoto."

Maana nilikuwa nimemhoji Billy njiani. Kwenye pad ya kuchezea, kidole gumba cha kushoto ndicho kinachotembeza mtu. Cha kulia kinaruka na kupiga. Cha kushoto Muia alikuwa nacho. Mimi nina vya kulia na kushoto, vyote vimezoea kukanda unga. Nikakaa upande wake uliolala, bega kwa bega, tukashika pad moja watu wawili.

Tulikufa kabla hatujafika ngazi ya kwanza. Tukafa tena. Yeye akitembea, mimi sijaruka. Mimi nikiruka, yeye amesimama.

"Sasa!" anasema.

"Si nimeruka?"

"Umeruka ikiwa imepita, Mama Kimanzi! Hujui sasa ni saa ngapi?"

Amenifokea! Muia amenifokea! Nilienda nyuma ya pazia kama mtu anayeangalia sufuria, nikalia kwa furaha, nikajipangusa, nikarudi kumfokea na mimi.

Tuliendelea hivyo kila alasiri nikishamaliza kuuza chapati. Baada ya wiki kadhaa sikuhitaji tena aseme "sasa". Bega lake, ingawa mkono umelala, lilikuwa likikaza kidogo kabla hajasogea, na hapo naruka. Nikaanza hata kuelewa alichokipenda kwa yule kaa. Kabla ya kupiga, kaa anainua gando. Hajawahi kupiga bila kuinua. Mimi ninayejua ugonjwa ulivyoingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi, nilimwona kaa huyo kuwa muungwana, nikamwambia Muia hivyo. Akacheka upande mmoja wa mdomo.

Jumamosi moja tulimfikisha kaa karibu na mwisho wake. Mstari wa uhai wake kwenye skrini ulibaki kama ukucha, pigo moja tu. Billy alikuwa mlangoni na helmeti mkononi. Gando likapanda, bega la Muia likakaza, na kidole changu, chenye mafuta ya chapati, kikateleza. Tukafa.

Sikuweza kumtazama. Miaka kumi na tisa alimtaka huyo kaa, na mimi nimemwachilia.

"Mzee, wacha nishike hapa kwa mathee kidogo," Billy akasema, akinyoosha mkono upande wangu. "Dakika mbili, huyo ameenda."

Na ni kweli angemmaliza. Billy ana vidole vyepesi. Nikaachia pad, nikaanza kuinuka nimpishe.

"Mukai, keti," Muia akasema, akiniita kwa jina langu mwenyewe. Kisha akamgeukia Billy. "Zii, kijana, sitaki. Na wewe itakuwa rahisi. Mimi nataka na huyu. Kesho, akishaosha mikono."

Tangu Mei sikuwa nimemsikia akitaja kesho. Na mimi furaha ikinizidi huwa mkali, basi nikamwambia kesho nina kazi nyingi, sina nafasi ya mchezo.

"Nitakungoja," akasema.